Mtoto ni Mmoja, Ofisi ni Nyingi



Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo, ukiziweka mahali pamoja, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema, Mkono mmoja haulei mwana. Ya pili yasema, Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ya kwanza yatutaka tuwe wengi. Ya pili yatuonya tusiwe wengi. Kwa mambo mengi twaweza kuchagua ile inayotufaa siku hiyo na kuiacha nyingine. Lakini kwa habari ya mtoto mdogo hatuwezi kuchagua, maana zote mbili zamhusu, na zote mbili ni kweli.

Katika makala haya nataka tulitazame swali moja la wajibu. Serikali yetu ya Tanzania imeweka ofisi nyingi za kumhudumia mtoto mdogo: ya afya, ya lishe, ya ustawi wa jamii, ya maendeleo ya jamii, ya elimu, na ya kuandikisha vizazi. Ikiwa kila ofisi imetimiza kazi yake kama ilivyoagizwa, na mtoto bado ameangamia, je, nani atajibu? Wengi watasema upesi, "Hakuna wa kujibu, ni bahati mbaya." Nadhani jibu hilo si sahihi, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Mikono mingi si kosa

Kwanza tuwatendee haki watumishi wa serikali. Ofisi hazikugawanywa ili kumsumbua mwananchi. Ziligawanywa kwa sababu mahitaji ya mtoto ni mengi, wala hakuna mtu mmoja ayajuaye yote. Muuguzi ajuaye kuchanja surua hakufundishwa kupatanisha baba na mama waliotengana. Bwana shamba ajuaye kunde na karanga haandiki vyeti vya kuzaliwa. Fundi ajuaye kuchimba kisima hawezi kukaa na watoto wa chekechea akawafundisha kuhesabu. Hata hivyo mtoto yule yule ahitaji chanjo, amani nyumbani, kunde, cheti, maji safi na mwalimu.

Tena mahitaji hayo yamefungamana. Mtoto aliyechanjwa vizuri lakini anywaye maji ya dimbwi ataharisha. Aharishaye mara kwa mara, hata chakula kizuri hakimjengi. Na asiyejengeka mwili katika miaka yake ya kwanza hujifunza kwa shida afikapo darasani. Mwalimu wa darasa la kwanza anayemwona mtoto hashiki masomo huenda anatazama matokeo ya kisima kilichokauka miaka 5 iliyopita.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwezi wa Septemba mwaka 1978 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao wakati ule ulikuwa katika Muungano wa Kisovieti, na leo uko katika nchi ya Kazakhstan na huitwa Almaty. Walikutana kuzungumza juu ya huduma ya afya ya msingi. Katika tamko lao walisema wazi kwamba idara ya afya haiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Kilimo, chakula, elimu, nyumba, maji na mengineyo vina sehemu yake, na hapana budi kazi za wote zipatanishwe. Basi kwa upande huu methali ya kwanza imeshinda. Mkono mmoja hautoshi.

Mahali mtoto anapopotelea

Sasa tuitazame methali ya pili. Tuchukue mfano ambao si wa mtu fulani, ingawa nadhani wengi wetu wameona kitu kama hicho.

Mtoto wa miaka 2 analelewa na bibi yake kijijini, kwa kuwa mama yake yuko mjini akitafuta kazi. Miezi 3 mfululizo uzito wake haukuongezeka. Muuguzi wa zahanati ameona, ameandika katika kadi, amemshauri bibi aongeze karanga na mboga katika uji. Amefanya kazi yake. Bibi hana karanga. Anaambiwa aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, labda upo msaada wa kaya maskini. Afisa anamweleza kwa upole kwamba kuandikisha kumekwisha, na kwamba habari za mtoto asiye na mzazi karibu ni za ustawi wa jamii, wilayani. Naye amesema kweli. Wilayani anaulizwa barua ya mtendaji wa kijiji na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hilo nalo lina sababu, maana ofisi haiwezi kutoa msaada bila kumjua anayesaidiwa. Bibi anarudi nyumbani, na nauli imekwisha. Mwezi unaofuata haji kliniki. Katika daftari la zahanati pana nafasi tupu mbele ya jina la mtoto, na nafasi tupu haipigi kelele.

Hapana mtu aliyekataa kazi hapo. Hapana aliyedai rushwa. Hapana aliyemtukana yule bibi. Kila mmoja akiulizwa atafungua daftari lake na kuonyesha kwamba siku ile alifanya yaliyompasa. Lakini mtoto hayumo mkononi mwa mtu yeyote. Ametoka katika mkono wa kwanza, wala hakufika katika mkono wa pili. Yuko njiani, katikati, mahali pasipojengwa ofisi.

Wala tusidhani kwamba haya huzipata nchi maskini tu. Mwaka 2000 mjini London alikufa mtoto wa kike wa miaka 8, Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, aliyeletwa Ulaya na ndugu wa ukoo ili apate elimu. Ndugu huyo na mwanamume aliyeishi naye walimtesa mpaka akafa, nao wakahukumiwa kwa kosa la mauaji. Lakini Waingereza hawakuishia hapo. Waliuliza: mtoto huyu alionwa na nani kabla ya kufa? Ikaonekana kwamba alikuwa amejulikana na ofisi za ustawi wa jamii za serikali nne za mitaa, hospitali mbili, na polisi. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba zilikuwako nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa, na zote zilipita. Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya ya watoto, ikizitaka ofisi mbalimbali zishirikiane. London haikukosa magari, wala simu, wala watu waliosoma. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Yule mtoto niliyemwelekeza kwenu, amefika?"

Kuelekeza si kukabidhi

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo mara nyingi twayachanganya: kuelekeza na kukabidhi. Kuelekeza ni kunyosha kidole na kusema, "Nenda kule." Kukabidhi ni kumtia mtu kitu mkononi na kuona kwamba amekishika.

Angalia mama anavyompa mwenzake mtoto mchanga. Hasemi, "Nimekwisha kumtoa mikononi mwangu, kazi yangu imekwisha." Haachi mikono yake mpaka asikie kwamba uzito wa mtoto umehamia katika mikono ya mwenzake. Kwa kitambo kidogo wote wawili wamemshika. Kitambo hicho hakiandikwi katika daftari la kazi, lakini bila hicho mtoto huanguka sakafuni. Na akianguka, yule wa kwanza hawezi kusema, "Nilimwachia," wala wa pili hawezi kusema, "Sikuwa nimempokea."

Basi nasema hivi: kazi yaweza kugawanywa, lakini dhamana haigawanyiki kwa namna ile ile. Wengi hudhani kwamba wajibu ni kama mkate. Tukiwa watano, kila mmoja ana sehemu moja ya tano, na akila sehemu yake amekwisha. Lakini wajibu juu ya mtoto mdogo wafanana zaidi na deni la kikundi. Akina mama wanaokopa kwa kikundi wajua habari hii vizuri. Watu watano wakidhaminiana, kila mmoja huchukua sehemu yake ya fedha na kufanya biashara yake mwenyewe. Lakini mmoja akishindwa kulipa, mwenye mkopo haji kwa wale wanne na kuwaambia, "Ninyi mmelipa sehemu zenu, nendeni kwa amani." Huja kuwadai deni lililobaki. Ndiyo maana wanakikundi hutembeleana. Ndiyo maana huulizana hali kabla ya siku ya marejesho kufika. Dhamana ya pamoja imewafanya wawe macho.

Sheria yetu yakubaliana na jambo hili zaidi kuliko tunavyofikiri. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 yaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Haikusema watoto wenye vyeti, wala watoto waliofika mezani. Imesema watoto walio katika eneo lake. Yaani yule aliyebaki njiani naye ni wake.

Je, dawa ni kuwa na ofisi moja?

Huenda msomaji akasema, "Kama ni hivyo, mambo yote ya watoto yatiwe chini ya wizara moja, nasi tutapata nahodha mmoja." Wazo hili lina mvuto, lakini historia yetu ya karibuni yaonyesha kwamba kibao kimoja mlangoni hakileti moyo mmoja ndani. Mwishoni mwa mwaka 2015 mambo ya afya na ya maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto yaliwekwa katika wizara moja. Januari 2022 yakatenganishwa tena. Mwezi mmoja tu kabla ya kutenganishwa, Desemba 2021, ilizinduliwa mjini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka 5, kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo ilitaja mambo matano ambayo mtoto tangu tumboni hadi miaka 8 ayahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mambo hayo yalikuwa ni matano wizara zilipokuwa pamoja, yakabaki matano zilipotengana. Bibi wa mfano wetu hatauliza wizara ziko ngapi. Atauliza, "Niende wapi, na nikifika nitapokewa?"

Meza mbili katika chumba kimoja zaweza kukaa miaka 10 bila kuulizana habari za mtoto mmoja. Na ofisi mbili zilizo mbalimbali zaweza kukabidhiana vizuri zikikusudia. Kwa hiyo nahodha tunayemtaka hapana haja awe waziri wala mkurugenzi. Ni yule ambaye kwake habari zote za mtoto mmoja zakutana, na ambaye haruhusiwi kusema, "Hilo si langu."

Mfano wa Iringa

Kama jambo hili lingekuwa ndoto tu nisingeliandika. Lakini lilifanyika katika nchi yetu, tena wakati wa shida kubwa ya uchumi, dukani hakuna sabuni wala sukari.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe. Serikali yetu ilisaidiwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la afya na lile la watoto, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Vijiji 168 viliingia katika mpango huo mwanzoni. Jambo lililofanyika kijijini lilikuwa rahisi kueleza. Kila miezi 3 ilikuwako siku ya afya ya kijiji. Watoto wote wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito hadharani, na uzito ukaandikwa katika kadi yenye rangi: kijani kwa wanaokua vizuri, kijivu kwa walio katika hatari, nyekundu kwa walio na utapiamlo mkali. Kisha kamati ya kijiji ilikaa ikauliza habari za wale waliokuwa katika nyekundu na kijivu, nyumba kwa nyumba: kwa nini mtoto huyu hakuongezeka?

Swali hilo "kwa nini" ndilo lililoleta tofauti. Halikuanza na ofisi. Lilianza na mtoto. Ikiwa sababu ni homa, alipelekwa zahanati. Ikiwa sababu ni kwamba mama yuko shambani kutwa, na mtoto hula mara mbili tu kwa siku, basi dawa haikuwa sindano. Kamati ilifikiri habari ya mahali pa kuwaweka na kuwalisha watoto mchana. Ikiwa baba anauza mahindi yote, wazee walimwendea baba. Hesabu ya kijiji ilipelekwa katani, kisha wilayani na mkoani, hata viongozi wakubwa wakalazimika kuijua. Hivyo bwana shamba, mganga, mwalimu na mwenyekiti walikaa mbele ya hesabu moja, na kila mmoja akaulizwa, "Wewe umefanya nini juu ya hawa?"

Matokeo yalionekana. Mwaka 1984, katika vijiji vile, watoto waliokuwa na uzito pungufu walikuwa kama asilimia 56; mwaka 1988 walikuwa asilimia 38. Waliokuwa na utapiamlo mkali walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 6, wakashuka hata chini ya asilimia 2. Hapo methali zetu mbili zilipatana. Mikono ilikuwa mingi, lakini chombo hakikwenda mrama, kwa sababu wote waliitazama mizani ile ile.

Lakini haki yatutaka tuseme na yaliyofuata. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kote watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Na mkoa wa Iringa ulikuwa juu ya mikoa yote, zaidi ya nusu ya watoto wake wakiwa wamedumaa, ingawa ni mkoa unaovuna mahindi kwa wingi. Kipimo hiki si kile cha miaka ya 1980, wala hatuwezi kuweka tarakimu hizi kando ya zile na kuzilinganisha. Ila zatufundisha jambo moja. Kushikana mikono juu ya mtoto si jengo ambalo likiisha kujengwa husimama. Ni kama kufagia uwanja. Asubuhi majani yameanguka tena. Kila mwaka huzaliwa watoto ambao hawakuwamo katika mizani ya mwaka uliopita.

Karatasi na itembee

Mfano mwingine ni wa cheti cha kuzaliwa. Zamani mzazi alipojifungua hospitalini alipewa karatasi ya tangazo, kisha alitakiwa asafiri mpaka makao makuu ya wilaya kuomba cheti. Wengi hawakwenda. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 4 wa chini ya miaka 5, kama mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikishwa. Mwaka 2013, kwa kuanzia na mkoa wa Mbeya, wakala wa serikali anayehusika, RITA, aliweka utaratibu mwingine: mtoto aandikishwe na kupewa cheti bila malipo pale pale mama anapofika kwa kliniki, au katika ofisi ya mtendaji wa kata, na habari zipelekwe makao makuu kwa simu. Mikoa mingine ikafuata.

Tazameni hekima yake. Hawakuwahubiria akina mama juu ya umuhimu wa cheti, kana kwamba walikuwa wavivu. Waliuliza, "Mama huyu tayari anakwenda wapi?" Wakaiweka kalamu huko. Ofisi mbili zikakabidhiana zenyewe. Karatasi ndiyo iliyotembea, na mama aliyejifungua juzi akapumzika. Ni kanuni ambayo yafaa kila mtumishi wa umma aipime kazi yake kwayo: katika utaratibu wangu, anayetembea ni nani? Ikiwa aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayetembea zaidi kuliko wote, pana kasoro ya haki, hata kama kila muhuri umegongwa mahali pake.

Mashaka mawili

Yako mashaka mawili ambayo si ya kupuuzwa. La kwanza ni la muuguzi. Yuko peke yake zahanati, na nje kuna foleni ya akina mama 60. Je, ni haki kumtaka pia aulize kama mtoto aliyemwelekeza mahali fulani amefika? Si haki kumtaka awafuate wote kwa miguu yake. Lakini ni haki kumtaka awe na mtu mmoja anayejulikana wa kumpa majina, mathalani mhudumu wa afya wa kijiji, na ni haki zaidi kuwataka wakubwa wake wahakikishe kwamba mtu huyo yuko na anasaidiwa. Anayetoa wajibu bila kutoa nyenzo hajatoa wajibu, ametoa lawama. Kwa hiyo swali la nani atajibu halimwangukii aliye chini peke yake. Lapanda ngazi mpaka kwa yule anayepanga bajeti.

Shaka la pili ni la siri. Ofisi zikianza kuambiana habari, nyumba ya maskini yaweza kuwa soko. Mama aweza kuogopa kwenda kliniki kwa kuwa ugonjwa wake utajulikana kwa mtendaji, na kesho kwa majirani. Shaka hili ni zito, na kila mpango wa kushirikiana usiojibu swali hili utawafukuza wale wale unaowatafuta. Nadhani jibu ni hili: siri imewekwa kwa ajili ya kumlinda mtoto na mama yake. Haikuwekwa kwa ajili ya kuilinda ofisi isiulizwe. Bwana shamba hana haja ya kujua mama anaumwa nini. Amhitaji tu kumjua kama mtu wa kupewa mbegu za kunde. Mwalimu wa chekechea hana haja ya kujua ugomvi wa wazazi. Atosheka kujua kwamba mtoto huyu asipoonekana siku 2, lazima aulizwe. Kukabidhi mtoto si kukabidhi mambo yake yote. Tena yafaa mama aambiwe kwanza ni nini kinachopelekwa, na kwa nani. Heshima hiyo haigharimu kitu. Ila pale ambapo mtoto anapigwa na kuteswa, hapo siri haina nafasi tena, na anayenyamaza amechagua upande.

Na sisi je?

Mpaka hapa tumesema habari za serikali kana kwamba sisi tumesimama ng'ambo ya pili ya mto. Lakini Sheria ya Mtoto niliyoitaja yamwagiza kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke habari hiyo kwa serikali ya mtaa. Maana yake ni kwamba hakuna mtu mzima asiye na ofisi katika jambo hili. Na sisi Wakristo wa mtaa huu twawajua watoto kwa namna ambayo maofisa hawawajui. Twajua ni mtoto gani aliyebatizwa mwaka jana na hajaonekana tangu hapo. Akina mama wa Umoja huingia nyumba ambazo hata mhudumu wa afya hajaingia. Walimu wa shule ya Jumapili wamwona mtoto anayesinzia kwa njaa.

Sote twaijua habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyechukuliwa na watu wanne na kushushwa kwa kutoboa dari. Kila mmoja wa wale wanne alishika pembe moja tu ya godoro. Lakini kama mmoja angeachilia pembe yake mlangoni, walipoona msongamano, na kusema, "Nimekwisha kumfikisha," wale watatu wasingeweza kumpandisha darini. Hakuna aliyehesabu kwamba amebeba robo ya mgonjwa.

Basi yako mambo matatu ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya. La kwanza, tukimwelekeza mzazi mahali, tumwulize baada ya siku chache kama alipokewa; na kama hakupokewa, tufuatane naye. La pili, tujue majina: nani mhudumu wa afya wa kijiji, nani mtendaji, nani afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Mtu asiye na jina hawezi kuulizwa. La tatu, katika mikutano ya kijiji na ya mtaa, tusiridhike kuambiwa kwamba zahanati imejengwa na darasa limeezekwa. Tuombe hesabu ya watoto: wangapi wamepimwa, wangapi wako katika nyekundu, na nani anawafuata hao. Kiongozi mwema hatachukia swali hilo, maana lamsaidia.

Mtoto wa miaka 2 hajui kwamba yuko chini ya wizara fulani. Hajui mpaka wa kata wala mwaka wa fedha. Ajua njaa, ajua kushikwa, ajua kuachwa. Wajibu wetu juu yake wapimwa kwa jambo moja: kwamba wakati wote, usiku na mchana, kuna mikono iliyomshika, na kwamba mikono hiyo haimwachi mpaka mingine imempokea.